Hadithi za anga zinazochimba madini bila mchimbaji wala dereva zimenichosha

Wakuu, salaam.

Nimekasirika, na anayeona naonea watu aje tubishane hapa hapa. Hadithi za sayansi ya kubuni nimezisoma tangu shule na nazipenda kwa moyo wote, ndiyo maana jambo hili linaniuma. Nyingi zinasimama juu ya jiwe: kuna madini adimu kwenye sayari fulani, wakubwa wanayagombea, vita vinalipuka. Nani kayachimba, dizeli ya mashine imetoka wapi, mzigo umefikaje? Kimya. Ukurasa huu madini yako ardhini, ukifungua unaofuata yako ndani ya injini ya chombo.

Chukueni filamu ya Avatar ya 2009. Tunaambiwa kilo moja ya yale madini inauzwa milioni 20, na safari ya kwenda kuyafuata inakula karibu miaka sita. Mwanzoni linapita lori la mgodini, mishale ya wenyeji imenasa kwenye tairi. Hadithi ilitakiwa ianzie pale! Tairi za malori makubwa kabisa ya migodini hapa kwetu Duniani zina kimo cha kama mita nne, na moja inazidi tani tano. Zilipoadimika katikati ya miaka ya 2000, migodi ilihangaika, na hapo viwanda viko sayari hii hii. Sasa wewe duka lako la vipuri liko mbali miaka sita, adui anakutoboa tairi, halafu mwandishi anapita kama hakuona kitu. Wenyeji wale wangeweza kuiua ile kampuni kwa kuvizia vipuri tu.

Na asitokee mtu kuniambia habari za usafirishaji zinachosha. Kwenye Dune, riwaya ya 1965, mashine ya kuvuna kiungo cha thamani iko katikati ya jangwa, mnyoo mkubwa anakaribia, na ndege iliyopaswa kuja kuibeba haitokei. Mtawala anaamua mzigo uachwe, watu waokolewe. Kilichoharibika ni usafiri, basi, na hapo hapo unamjua yule mtawala ni mtu wa namna gani. Kwenye filamu ya Alien ya 1979, watu saba wanavuta kiwanda na tani milioni 20 za mawe yenye madini, na kabla zimwi halijatokea, mafundi wawili wanalalamikia mgao wao wa malipo. Kwa hiyo inawezekana. Wengine ni uvivu.

Wanaonikera zaidi ni waandishi wetu wanaorusha hadithi za anga mitandaoni, maana wanaiga uvivu wa watu wa mbali wakati mzigo wenyewe unapita mlangoni. Shaba na kobalti ya Kolwezi, kule Katanga nchini Kongo, inatokea mpaka wa Kasumbalesa, inakatiza Zambia, inaingia Tunduma, inashuka mpaka bandari ya Dar es Salaam. Kobalti nyingi haisafiri kama jiwe, inasafiri kama unga uliojazwa kwenye mifuko mikubwa, kwenda kusafishwa China. Malori mengine yakigeuza yanapanda na salfa, kwa sababu migodi ya kule inahitaji asidi ya kuitoa shaba kwenye mawe. Salfa ikikwama bandarini, shaba inakwama Katanga. Mnaona hiyo riwaya ilivyo tayari? Dereva amelala chini ya trela kwenye foleni ya mpakani, utingo anasonga ugali kando ya tairi, wakala wa forodha hapokei simu, na mbele bado kuna mizani. Ihamishieni foleni hiyo kwenye mzunguko wa Mirihi, mtu wa kwetu ataisoma bila kuambiwa kitu.

Au mmesahau mwaka 2017? Makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yalizuiliwa Dar es Salaam na nchi nzima ikabishana ndani mna dhahabu kiasi gani. Vipimo vya maabara, mikataba, nani anamwamini nani. Hakukuwa na vita, na watu hawakulala. Nitajieni hadithi moja ya anga ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu ni mpima madini.

Halafu hesabu. Chombo cha OSIRIS-REx kiliondoka 2016, kikaleta mchanga wa asteroidi Bennu 2023: gramu 121.6. Miaka saba! Mtu anasoma habari hiyo, kisha anaandika kijana kapaa asubuhi, jioni karudi na shehena ya platinamu. Hapana jamani. Tudanganye, lakini tudanganye kwa hesabu.

Hasira yangu ina sababu. Ukimfuta mchimbaji na dereva, madini yanakuwa ya yeyote atakayefika na bunduki, na msomaji anazoea kuona ndivyo dunia ilivyo. Filamu ya Neptune Frost ya 2021, iliyopigwa Rwanda na ambayo Kiswahili kinasikika ndani yake, inaanza na mchimbaji wa koltani, madini yanayotumika kwenye simu, anayeuawa na msimamizi kwa sababu alisimama kulitazama jiwe. Walianza na mtu. Wengine wanashindwa nini?

Mwenye hadithi ya Kiswahili, hata fupi, ambayo mzigo una mbebaji mwenye jina na mshahara unaocheleweshwa, aiweke hapa chini. Kama inauzwa, nitainunua leo.