Naomba ushauri: mizizi ya vinka inajaa chupa, alkaloidi haipandi

MgeniMaabara:
Habari zenu wakuu. Nina mizizi-nywele (mizizi inayokuzwa peke yake kwenye chupa) ya vinka, Catharanthus roseus, niliyoipata kwa kuambukiza vipande vya majani na bakteria Agrobacterium rhizogenes. Bakteria nimeshawaua kwa sefotaksimu. Mizizi iko gizani kwenye shekeri, midia (maji ya virutubisho) B5 nusu nguvu, sukrosi 3%. Inakua hadi raha, ila HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali) inaonyesha alkaloidi, zile kemikali za mmea zenye nguvu ya dawa, hazipandi: ajmalisini kiduchu na vinblastini haionekani kabisa. Nafikiria kuweka methili jasmoneti (homoni ya mmea) mikromola 100 siku ileile ninapohamishia mizizi midia mpya. Au nianze na dozi kubwa zaidi?

DadaTishu:
Karibu. Vinblastini isahau kwanza. Inaundwa kwa kuunganisha katharanthini na vindolini, na hatua za mwisho za vindolini hufanyika kwenye majani, zikihitaji mwanga. Mzizi wako haujagoma, hiyo kazi si yake. Hata ukimwaga pipa zima la jasmoneti hutaiona. Lenga ajmalisini, serpentini na katharanthini, hizo mzizi unaziweza.

KemiaTupu:
Naunga mkono. Kuhusu jasmoneti, usiiweke siku ya kwanza. Ni ishara ya shambulio: mmea ukiipata hujilinda kwa alkaloidi na kupunguza kukua. Mizizi michanga itadumaa tu. Chora mchoro wa ukuaji, subiri mizizi ikaribie kilele, ndipo uiweke. Jaribu mikromola 50, 100 na 200, kisha vuna baada ya saa 24, 48 na 72.
Na tafadhali, weka chupa za kulinganishia zenye ethanoli peke yake, maana jasmoneti utaiyeyusha humo. Bila hizo hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

MgeniMaabara:
Aisee, hiyo ya majani imenifungua macho. Sasa matokeo niyaripoti kwa gramu ya uzito mkavu?

DadaTishu:
Kwa gramu na kwa lita, vyote. Dawa ikipanda mara mbili kwa gramu huku mizizi ikipungua nusu, umebaki palepale. Watu wengi huficha hapo (nimesoma ripoti za namna hiyo hadi nimechoka). Pima na midia pia, kuna alkaloidi zinazovujia nje ya mzizi.

MgeniMaabara:
Nikitumia resini ya XAD (punje zinazonyonya kemikali kutoka kwenye midia) kuzinasa hizo zinazovuja?

KemiaTupu:
Wazo zuri, kwani alkaloidi ikiondolewa mzizi huachia nyingine. Ila usiiweke pamoja na jasmoneti, resini inaweza kuinyonya jasmoneti yenyewe kabla mizizi haijaihisi. Tanguliza jasmoneti, resini ifuate. Halafu angalia kilele cha serpentini kwenye HPLC yako: hutokana na ajmalisini iliyooksidishwa, kwa hiyo huenda hiyo ajmalisini unayoiona kiduchu imeshageuka. Tuwekee grafu hapa tuione.