Naombeni ushauri: meshi wifi na rauta ya zamani zinakaa pamoja?

Kijana_wa_Mamboleo:
Wazito habari za jioni. Niko Kisumu, Mamboleo. Nyumbani tuko na faiba, rauta ya kampuni iko sitingirumu nyuma ya tivi, sasa ukiingia chumba cha mwisho netwaki inakufa kabisa, mathe akipigiwa simu ya video picha inaganda akiwa mdomo wazi. Nikaambiwa dawa ni meshi, vile viboksi vyeupe vitatu vya kupokezana wifi nyumba nzima. Swali langu ni moja tu, natoa rauta ya kampuni ama zinakaa pamoja? Maana nikiunganisha naona kama niko na wifi mbili na zote zinasumbua. Wiki nzima sijalala vizuri.

Waya_Mweupe:
Rauta usitoe, hiyo ndio inaongea na faiba, ukiichomoa mmekaa bila. Chukua kiboksi cha kwanza, kichomeke kwa tundu la LAN (lile la waya wa netwaki) la rauta na waya, kisha ingia kwa apu ukiweke modi ya akses pointi, yaani kisambaze wifi tu, kugawa namba kiachie rauta. Nina hakika saa hii kiko modi ya rauta, kwa hivyo uko na wenye nyumba wawili, kila mmoja anagawa namba zake za IP, zile za kutambulisha kila kifaa kwa netwaki, printa iko kwa huyu simu iko kwa yule, hazionani. Ukimaliza zima wifi ya rauta ya zamani la sivyo simu itang'ang'ania ile dhaifu hata ukikalia kiboksi. Na meshi ipe jina na paswadi zile zile za zamani, hutahangaika kuunganisha tivi upya. Nyumba ni vyumba vingapi?

Mama_Section58:
Sisi huku Nakuru tuliweka hiyo meshi mwaka juzi, netwaki ikafika mpaka chooni, ndio nikajua makosa yangu. Kijana wangu wa form two anaingia huko saa moja anatoka saa tatu, unadhani ni tumbo. Nikawa nachomoa kiboksi cha korido saa tatu usiku naenda kulala nacho chini ya mto. Wewe mathe mpigie simu ya kawaida tu, au kaa naye mpige stori, hawa wazazi hawadumu.

Kijana_wa_Mamboleo:
@Waya_Mweupe asante. Vyumba vitatu na kichen.

Waya_Mweupe:
Vyumba vitatu na viboksi vitatu? Ama unataka kuwekea stediamu ya Jomo Kenyatta hapo jirani? Viwili vinakutosha na vinabaki. Cha tatu ni cha nini?

Kijana_wa_Mamboleo:
Ni cha nje hivi.

Waya_Mweupe:
Nje wapi. Mita ngapi. Katikati kuna nini.

Kijana_wa_Mamboleo:
Sawa wacha niseme. Niko na kinyozi ng'ambo ya barabara ya Kakamega, kama mita 60, labda 80. Wateja wakingoja wanataka wifi, na kuna wanafunzi wawili watatu wananipa 20 bob kwa saa. Ukuta wa kinyozi ni mabati. Na kabla mniulize, bili analipa brathe, yuko Minnesota, alimuwekea mathe ndio waonane. Lakini ni anlimitedi jamani, haiishi kama maji ya tangi, sasa hapo nani ameumia? Viboksi nishanunua na pesa ya chama kwa hivyo msiniambie nirudishe, niambieni vile vitafika.

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana, ndugu yako anatoka kwa baridi anaenda shifti ya usiku, na wewe unauza jasho lake kwa saa. Pia ujue kuuza intaneti hapa Kenya kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Nimemaliza.

Jamaa_wa_Kondele:
Omera wifi iko, mashine ya kunyoa je iko ama pia hiyo brathe atatuma 😂

Ndizi_Tamu:
Chochote utafanya usipitishe waya wa LAN hewani. Mimi Kakamega nilivuta kutoka nyumba kubwa hadi kwa kibanda cha kuku, nilitaka kamera, mambo yakawa sawa miezi minne. Radi ikapiga jioni moja, haikugusa hata nyumba, ilipiga mti wa jirani, lakini rauta ilitoa moshi, tivi ikaenda, kamera ikaenda. Kuku wako salama mpaka leo.

Waya_Mweupe:
Na waya wa LAN mwisho wake ni mita 100, halafu hiyo ni barabara kuu, malori yanapita, hutavusha. Hivyo viboksi ni vya ndani. Mabati yanarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Hata kikishika, kiboksi kinachopokea na kutuma kwa redio ile ile kinakula karibu nusu ya spidi kila hatua. Kazi ya ng'ambo inataka antena mbili za nje zinazoangaliana, moja hapa moja pale.

Macho_Nyanya:
Ngojeni kidogo. Huyu mwezi jana si ndiye aliandika "nauza meshi viboksi vitatu, Mamboleo, bei tutaongea"? Leo kuna mathe, kuna brathe wa Minnesota, kuna chama, hadithi imejaa kama matatu ya Jumatatu. Hii ni tangazo wazee. Mnafundishwa kupenda viboksi.

Mama_Section58:
Na mimi nilishamuombea huyo mama usiku!!

Kijana_wa_Mamboleo:
Nilitaka kuuza ndio, chama walikuwa wananidai, nikaghairi. Kwani mtu haghairi? Mathe yuko, ata saa hii anaitisha chai.

Jamaa_wa_Kondele:
Mpe simu atusalimie 😂😂

Waya_Mweupe:
Mi niko na swali moja. Kama hivyo viboksi uko navyo kweli na hiki cha kinyozi umeshapeleka, taa yake ni rangi gani?

Kijana_wa_Mamboleo:
Nyekundu. Tangu Jumapili.

Waya_Mweupe:
Basi anavyo. Nyekundu kwa hizo ni kwamba hakijapata wenzake. Kitoe kinyozi. Cha kwanza kikae na rauta, cha pili kiweke korido, usikiweke kwa chumba cha mwisho chenyewe, huko hakuna kitu cha kupokea, kiweke mahali netwaki bado ina nguvu ndio kiisukume ndani.

Kijana_wa_Mamboleo:
Nimeweka korido sasa hivi. Mathe anaongea na brathe akiwa kitandani na picha haigandi. Wateja wa kinyozi nitawaambia nini lakini.

Jamaa_wa_Kondele:
Waambie wanyolewe. Hicho cha tatu ni ngapi?

Kijana_wa_Mamboleo:
4,000 na adapta yake. Njoo inbox.

Macho_Nyanya:
Si nilisema.