Wajukuu wa Dani: Muvi ya Jumamosi

Jumanne, jioni

Njeri: Habari za jioni familia. Brian ananiambia Kevin ameazima projekta na Jumamosi tunaangalia muvi hapo uani kwa nyanya yetu Dani. Sasa ni muvi gani? Wambui ana miaka 6 na Baraka 11, sitaki tukirudi Nakuru nikeshe na mtoto anayeota ndoto mbaya

Kevin: Projekta iko poa, nimeijaribu kwa ukuta wa jikoni inashika vizuri. Kuchagua tumuachie Akinyi, yeye ndio haipiti mwezi hajaingia sinema

Anko Wafula: Mchague kitu ambacho hata mzee ataelewa.

Akinyi: Mkiniachia mimi basi hata tusipige kura, ni The Wild Robot. Niliiona mwaka jana na Anti Pamela, na tangu hapo nimeingia sinema mara nyingi na hakuna imeifikia

Akinyi: Ni roboti anaitwa Roz, sauti ni ya Lupita Nyong'o wetu. Meli iliyombeba inapigwa na dhoruba anajikuta kwa kisiwa hakuna binadamu hata mmoja, wanyama tu na wote wanamkimbia. Siku moja dubu anamfukuza, anateleza, anaangukia kiota cha bata bukini, mayai yote yanapasuka linabaki moja. Hilo moja ndio linaangua, na kifaranga akifungua macho kitu cha kwanza anaona ni hicho chuma. Basi Roz anaambiwa una kazi tatu, mlishe, mfunze kuogelea, mfunze kuruka kabla baridi haijafika, maana bata wenzake wakihama na yeye hajui kuruka atafia hapo. Na kumbuka huyo roboti alitengenezwa kufanya kazi za watu, kulea hakuna mtu alimwekea

Akinyi: Msikilize sauti, hiyo tu. Mwanzo Lupita anaongea kama ile sauti ya kwa simu inakuambia bonyeza moja bonyeza mbili, ni tamu lakini hakuna mtu ndani. Halafu inaanza kupata joto kidogo kidogo, huwezi kusema ni hapa ilibadilika, unashtukia tu unamsikiliza mama ya mtu

Kevin: Lupita alitufanyia mambo 2018. Muvi yake ya Black Panther ilipozinduliwa hapa Kisumu, baba yake Prof Nyong'o akiwa gavana, mimi nilikuwa primari na mji mzima ulikuwa unaongea hiyo tu

Njeri: Na haina kitu ya kutisha?

Akinyi: Kuna kifo, sitakudanganya. Pale mwanzo kwa kiota na pengine pia. Lakini hawamfichi mtoto na pia hawamtishi. Wambui akae karibu na wewe

Brian: Mimi nilidhani utasema Mufasa, ile ya simba. Baraka aliiona akaimba wiki mzima

Akinyi: Mufasa naipenda nusu. Nusu ya kwanza ni nzuri sana, mafuriko yanambeba mtoto wa simba mbali na wazazi wake, anaokolewa na Taka, mama yake Taka anamchukua anamfunza kuwinda na kunusa upepo pamoja na simba jike, na yule baba hamtaki kabisa, anasema huyu ametoka nje. Hapo muongozaji Barry Jenkins anajua anachofanya, si ndio yule wa muvi ya Moonlight, anajua mtoto asiye na kwao anakaa vipi kwa nyumba ya watu

Akinyi: Lakini ikifika mahali Taka anageuka nilikataa. Kwani ndugu aliyekutoa kwa maji, mkakua pamoja, anaenda kukuuza kwa adui juu ya msichana? Na hapo hawampi hata muda wa kuumia, kidogo tu analia, kidogo tu ni msaliti. Na zile nyuso za simba zimefanywa za ukweli sana hadi simba akilia huoni kitu, unasikia tu sauti

Brian: Hapo tuko pamoja. Mimi hiyo muvi ilinikasirisha na sikumwambia mtu. Sisi wote tunajua Taka lazima mwisho awe Scar, yule mbaya wa Lion King, kwa hivyo waandishi wakamsukuma tu hadi akafika. Na ni yeye alikuwa wa kwanza kumpenda Mufasa, alikubali hata kushindwa mbio makusudi ndio ndugu yake asifukuzwe. Mtu wa hivyo hageuki kwa siku moja

Njeri: Wambui aliniuliza mbona simba anaitwa Taka, kwani walimtupa?

Kevin: 😂😂 swali nzuri sana hiyo

Akinyi: Na amegusa ukweli. Sisi tunasikia hiyo muvi na masikio tofauti na Wamarekani. Kwao ni majina mazuri tu, sisi tunasikia simba, rafiki, pumbaa, sarabi kama maneno ya nyumbani. Ile nchi wanayoitafuta inaitwa Milele. Wazazi wake wakimuimbia habari ya Milele wakati nchi imekauka, mtu wa Kiswahili anajua tayari hiyo nchi ni ya aina gani, hakuna haja ya kuelezwa

Anko Wafula: Mimi Akinyi alinipeleka kuona ile ya mapacha, baada ya Pasaka. Hiyo siyo ya watoto Njeri. Lakini nikuambie hiyo imenikaa.

Njeri: Gani hiyo Anko?

Akinyi: Sinners, ya Ryan Coogler. Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili, Smoke na Stack. Ni Mississippi 1932, wamerudi kutoka Chicago na pesa wanafungua ukumbi wa muziki, na usiku huo huo wanavamiwa na wafyonza damu. Damu ni nyingi, Wambui na Baraka hapana kabisa

Anko Wafula: Hao wafyonza damu hawakunishika sana. Mimi nilishikwa na yule kijana Sammie na gitaa. Baba yake ni mhubiri na anamwambia aiache hiyo gitaa, achague kanisa. Sasa nyinyi hamjui haya. Baba yangu alikuwa anapiga litungu, ala yetu ya nyuzi, watu wanatoka hadi Webuye wanakuja kumuita kwa sherehe. Alipookoka akaambiwa kanisani hiyo kitu ni ya mashetani. Akaitundika juu jikoni, moshi ukaila ngozi, nyuzi zote saba zikakatika moja moja. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nikisikia uzi umekatika usiku, tang, halafu kimya. Hakuna mtu aliinuka.

Anko Wafula: Sasa pale kijana anapiga ule ukumbi unajaa watu, siyo wa hapo tu, wanakuja wa zamani na ngoma zao na wa kesho na mashine zao, wote wanacheza pamoja na hawagongani. Nilimshika Akinyi mkono. Nikasema mzee wangu yuko hapo.

Brian: Baba hujawahi kutuambia hii

Anko Wafula: Hakuna mtu aliuliza.

Akinyi: Kweli alinishika mkono, na hakuuachilia hadi ile sehemu ikaisha. Coogler alipiga hiyo muvi na kamera kubwa za IMAX, filamu pana ile, na ingawa skrini yetu huku ni ya kawaida ulikuwa unaona jasho kwa shingo ya kila mtu. Na mwanamke ndio alishika kamera, Autumn Durald Arkapaw. Mimi nasema hiyo sehemu ya muziki peke yake inalipa tikiti. Kule mwisho kwa vita vya damu ni sawa lakini nimeona vita vingi. Kitu kilinitesa ni kwamba hao wafyonza damu hawawezi kuingia kama hujawaita ndani, wanasimama tu mlangoni wanaimba vizuri, wanabembeleza

Kevin: Na F1, ile ya mbio za magari?

Brian: F1 ni tamu, usiniguse hapo. Mtu aliyesimama kwa vumbi Naivasha akingoja Safari Rally anaelewa

Akinyi: Sauti ya injini ni tamu. Damson Idris alinifurahisha kuliko Brad Pitt. Hadithi unaijua kabla hujakaa

Njeri: Na za Kenya hakuna?

Akinyi: Kuna Nawi, na hiyo Baraka akifika darasa la juu kidogo lazima aione. Ni msichana wa miaka 13 huko Turkana anataka kwenda sekondari, baba yake anamuoza kwa mzee kwa kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100. Ilianza kama hadithi ya mashindano ya uandishi, ya Milcah Cherotich, na Kenya ikaipeleka kuwania Oscar. Yule msichana Michelle Lemuya ni wa huko huko Turkana na anakuangalia kwa skrini mpaka unainamisha macho. Inatembea pole pole lakini hapo sina shida, nchi yenyewe ni pana na kukimbia huko ni kwa miguu

Njeri: Hiyo tutaangalia sisi watu wazima wakilala

Kevin: Kwa hivyo Jumamosi ni roboti? Anti hajasema kitu na yuko hapa, naona amesoma

saa 3:40 usiku

Anti Pamela: Nilikuwa nafunga duka ndio nimekaa. Nimesoma yote.

Anti Pamela: Akinyi unakumbuka tukitoka kuangalia hiyo ya roboti uliniuliza Anti umeipenda nikakujibu ni nzuri, nikanyamaza hadi nyumbani. Ulidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka.

Anti Pamela: Mamako alipotuacha ulikuwa na miaka 6. Mimi nilikuwa na wavulana wawili, najua kushona, sijui nywele ya msichana hata kidogo. Siku ya kwanza ya shule nilikusuka mistari ikaenda kila upande kama njia za panya, na ukaenda hivyo hivyo hukusema kitu. Jioni nikakubeba hadi soko la Kibuye kwa mama mmoja anasuka karibu na meza yangu, nikasimama nyuma yake nikaangalia vidole vyake. Jumapili nzima nikajaribu kwa uzi wa kushona nimefunga kwa mguu wa kiti. Ndio maana nilipoona hicho chuma kinapiga hesabu jinsi ya kumfunza mtoto kuruka, na chenyewe hakiruki, nikashindwa kuongea.

Anti Pamela: Na pale wale bata wengine wanamkataa mtoto, kama kumwambia huyo si mama yako. Ulirudi siku moja kutoka kuchota maji hukula siku mbili. Sikukuuliza kwa sababu nilijua ni nini umeambiwa.

Akinyi: Anti

Akinyi: Ni watoto wa ploti ya nyuma. Walisema nakaa kwenu kwa huruma. Na sikunyamaza kwa sababu niliwaamini, niliogopa nikikuambia utaumia. Halafu siku ya tatu ulinipatia ile nguo ya maua na ilikuwa kitambaa kile kile cha blauzi yako, tukaenda nayo kanisani wote wawili, na hakuna mtu aliniambia kitu tena. Mpaka leo ninayo

Brian: Mimi nakumbuka hiyo nguo. Nililia kwa sababu kwangu hakukuwa na kitambaa kilibaki

Anti Pamela: Kilibaki. Nilikushonea mfuko wa kalamu.

Njeri: Nasoma hii hapa jikoni machozi yanadondoka kwa sufuria. Anti asante sana

Anko Wafula: Pamela hata mimi hukuniambia.

Anti Pamela: Nawe litungu hukuniambia. Tumeoana miaka 33.

Kevin: Basi Jumamosi ni The Wild Robot. Shida ni moja, ukuta wa uani una rangi ya kijani, picha itakuwa mbaya. Nimeweka shuka mbili lakini katikati kuna mwanya, sura za watu zinapasuka

Anti Pamela: Ukuta ni mita ngapi?

Kevin: Picha nikisogeza projekta hadi kwa mlango inatoa kama mita 3 kwa 2

Anti Pamela: Leta hizo shuka kesho asubuhi kabla sijafungua. Nitaziunga kwa kulala, siyo kwa kusimama, mshono upite chini kabisa karibu na nyasi. Na juu niweke pindo la kupitisha kamba. Zipigwe pasi kwanza, nyathina, mwanangu Akinyi, ufanye hiyo, Kevin ataziunguza.

Akinyi: Nakuja saa 12 na nusu