Mama ana presha na kisukari, bima ya safari anapata. Kivimbe kisicho na jina kimemfanya akataliwe kabisa!

Wakuu, salaam. Niko Leicester, Uingereza, na leo naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mama yangu anaishi na sisi huku. Ana presha, ana kisukari, na miaka yote tunamkatia bima ya safari ya mwaka mzima kwa kampuni ile ile. Hatufichi kitu. Dawa anazomeza, sukari inasomaje, alilazwa lini mara ya mwisho, yote tunataja. Bei inapanda na tunalipa. Mwaka huu mjukuu wake anaolewa Tanga, tiketi zimeshakatwa. Katikati ya maandalizi, daktari wetu akampapasa shingo akakuta kivimbe upande wa kulia. Akampa rufaa ya hospitali, apigwe ultrasaundi na kama ikibidi achukuliwe sampuli kwa sindano. Daktari mwenyewe alisema vivimbe vingi vya tezi ya shingoni si kansa, ila lazima vipimwe, na kuhusu safari hakuona kizuizi chochote.

Bima ilikuwa inaisha, nikapiga simu kuihuisha. Presha ikapita, kisukari kikapita. Likaja swali: kuna vipimo, majibu au miadi ya daktari bingwa anayosubiri? Nikasema ipo, nikaeleza. Kijana wa upande wa pili akaniuliza, "Ugonjwa wa shingo unaitwaje?" Nikamwambia ndicho tunachosubiri kujua. Akasema kwenye orodha yake lazima achague jina la ugonjwa, bila jina hawezi kuendelea. Nikamwambia nina barua ya daktari, akasema barua haisaidii. Mama alikuwa pembeni yangu na bahasha yake ya karatasi za hospitali mapajani, simu iko kwenye spika, na Kiingereza cha kukataliwa anakielewa vizuri sana. Akaniuliza, "Kwa hiyo hata nikiumwa malaria hawanilipii?"

Hawakulipii mama. Hata ukiteleza bafuni ukavunjika nyonga. Hata begi likipotea uwanja wa ndege! Wamemkataa mtu mzima kwa sababu ya sehemu moja ya mwili ambayo hakuna anayejua ina nini.

Hapo ndipo panaponiuma. Mwenye kansa iliyothibitishwa kwa vipimo Uingereza hii anapata bima. Atalipa pesa nyingi, ataulizwa maswali mengi, lakini zipo kampuni zitakazomchukua. Mama yangu, ambaye huenda hana chochote cha maana, anaambiwa arudi akishaumwa kitu chenye jina. Hii ni akili gani? Wanachokiogopa ni kivimbe, basi wakiondoe kivimbe kwenye mkataba, waandike wazi kwamba cha shingo hawalipi, na mengine yote wamlinde. Shingo inahusiana nini na mguu?

Najua kuna watakaosema "ungenyamaza tu". Ndugu wa karibu wameshaniambia hivyo. Jamani, msimshauri mtu hivyo. Sheria ya huku ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi inamtaka mteja ajibu maswali kwa uangalifu na ukweli. Ukidanganya kwa makusudi, kampuni ina haki ya kuufuta mkataba wote na kukataa kulipa dai lolote. Na ukidai matibabu makubwa, rekodi za daktari wako zitaombwa. Mama azidiwe Tanga, ahitaji ndege ya wagonjwa kumpeleka Nairobi, halafu wakute rufaa ambayo hatukuisema? Deni hilo tungelilipa kwa kuuza nini? Kadi ya afya ya Uingereza inasaidia Ulaya, Tanzania haifanyi kazi. Na ile bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Zanzibar tarehe 1 Oktoba 2024 ni ya wageni wanaoingia Zanzibar, sisi tunakwenda Tanga.

Kilichonichoma zaidi nilikijua baadaye. Tangu mwaka 2021, taratibu za FCA, mamlaka inayosimamia kampuni hizi, zinataka kampuni inayomkataa mteja kwa sababu ya ugonjwa alionao imwelekeze kwenye orodha ya kampuni zinazohudumia wagonjwa. Orodha hiyo iko kwenye MoneyHelper, tovuti ya ushauri wa mambo ya fedha, ni bure. Yule kijana hakutamka neno. Alinitakia siku njema akakata simu.

Orodha nimeitafuta mwenyewe, na nikampata wakala aliyekubali kuongea kama binadamu. Kampuni aliyonipatia inamchukua mama kwa kila kitu isipokuwa shingo. Kumbe inawezekana! Lakini bei ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mwaka jana, na ndani kuna sharti ambalo nawaomba mlisome kwa makini mkikutana nalo: kuondolewa kwa shingo kunahusu mpaka kughairi safari. Maana yake, majibu yakitoka mabaya mama akaambiwa asisafiri, nauli yake imekwenda. Na hilo ndilo jambo lenye uwezekano mkubwa wa kutokea kuliko yote. Matibabu tumelindwa kiasi, tiketi hatukulindwa kabisa. Nimelipa, kwa sababu kumpeleka bila bima siwezi.

Hospitali za England zimewekewa lengo la siku 28 kumjulisha mgonjwa kama kinachoshukiwa ni kansa au siyo. Sisi bado tunasubiri. Kwa hiyo mzee anakaa na hofu ya majibu, na juu yake anaongezewa adhabu ya kukataliwa.

Lalamiko rasmi kwa ile kampuni ya kwanza nimeshatuma kwa maandishi. Nimedai wanieleze kwa nini hawakumpa bima isiyohusisha shingo na kwa nini hawakunielekeza kwenye orodha. Wana wiki 8 za kunijibu. Wakinizungusha nakwenda Financial Ombudsman Service, ofisi inayoamua migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha, na huko mlalamikaji halipi kitu. Mliowahi kukataliwa kwa sababu ya "kusubiri majibu", wekeni hapa swali mliloulizwa na jibu mlilopewa, nataka niyaambatanishe.