Apatimenti ya chumba na sebule Sinza kwa laki tatu, inawezekana?

Habari zenu wakuu. Nahamia Dar kikazi, ofisi iko Mwenge. Natafuta chumba, sebule, jiko na choo ndani, Sinza au Kijitonyama, bajeti laki tatu kwa mwezi. Dalali mmoja kanitumia picha za nyumba Sinza Mori: laki tatu na nusu, kodi ya miezi sita, na yeye alipwe kodi ya mwezi mmoja. Mwingine kanitumia nyumba ileile, vigae vilevile, kwa laki tatu. Nimwamini nani? Na hii hela ya kuzungushwa wanayotaka kabla sijaona nyumba, ni kawaida?

Mkazi wa Kumekucha
Karibu mkuu. Bei anayo mwenye nyumba. Onana naye ana kwa ana kwanza, na dalali akikuzuia achana na nyumba hiyo. Hela ya kuzungushwa ipo, ila ilipe mkiwa mlangoni, usiitume kwa simu.

Mama Wawili
Mwanangu, piga hesabu ya siku ya kuingia. Miezi sita ni milioni moja na laki nane, ongeza mwezi wa dalali inafika milioni mbili na laki moja, na hapo hujanunua hata godoro. Omba miezi mitatu. Kama nyumba imekaa tupu muda mrefu, mwenyewe hulegea.

Halafu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Uliza kama mita ni yako peke yako. Mkichangia, mwenye friji na mwenye taa mbili wanalipa sawa, na ugomvi hauishi. Hata kama ni yako, nunua umeme wa elfu tano mbele ya mwenye nyumba msome risiti pamoja. Kama kuna deni la nyuma mtaliona limekatwa. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo, na hiyo ni ya mwenye nyumba. Iandikwe kwenye mkataba kuwa utarudishiwa au itapunguzwa kwenye pango.

Dereva wa Shekilango
Nenda kaione mvua ikiwa imenyesha, hasa nyumba za karibu na Mto Ng'ombe. Tazama chini ya ukuta kama rangi imebabuka au kuna alama ya maji. Mimi hapo siingii hata kwa nusu bei. Fungua na bomba, usikubali kuambiwa "maji leo yamekatika tu".

Muuliza swali
Asanteni sana. Mkataba naandikishana wapi?

Mkazi wa Kumekucha
Ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti, kila mmoja abaki na nakala yenye muhuri. Pesa itumwe kwa jina lililo kwenye mkataba, si kwa namba ya dalali. Na ukikosa Sinza, angalia Ubungo: bei iko chini kidogo, na daladala za Sam Nujoma zinakushusha Mwenge moja kwa moja.