Kopo la unga wa ketoni limenila 6,500, ninunue la pili ama niache?

BintiLangoni
Asalam aleikum wapendwa. Nko Lamu, miaka 34, watoto watatu, na tangu huyu kitinda mimba tumbo limekataa kurudi. Mwezi uliopita nkaingia keto, ule mlo wa kukata wanga, hakuna wali, hakuna mahamri, hakuna chapati, halafu muuzaji mmoja wa mtandaoni akaniuzia kopo la unga wa ketoni 6,500, ati wanywa asubuhi mwili wachoma mafuta wenyewe hata wanga ukiuonja kidogo. Ladha yake wallahi ni kama maji ya bahari yaliyokamuliwa ndimu. Wiki ya kwanza nkashuka kilo 3, nkapiga vigelegele peke yangu chumbani. Saizi ni wiki ya tatu mizani imeganda palepale, vijikaratasi vya kupima mkojo vyageuka rangi kila nkinywa ule unga lakini buibui bado lanibana. Kopo laisha. Ninunue lingine? Na mama ana sukari na presha, naye ashaanza kuuliza atiliwe kijiko.

NahodhaMzee
Keto Lamu hii? Na Maulidi ikifika utaketi wapi masinia ya pilau yakiletwa? Nakutania mwanangu. Lakini 6,500 hiyo ni samaki wa siku ngapi, hebu piga hesabu.

KauntaYaDawa
Dadangu usinunue, na mama asionje kabisa. Nafanya kazi duka la dawa hapa Malindi na hayo makopo naulizwa kila mara.

Iko hivi. Wanga ukishuka chini ya gramu 50 hivi kwa siku, ini lachukua mafuta layageuza ketoni. Ketoni zako mwenyewe ni kama moshi juu ya paa, ukiuona wajua jikoni kuna moto. Sasa ule unga ni moshi wa kununua, jiko lenyewe baridi. Kikaratasi hakijui ketoni imetoka kwa mafuta yako ama kwa kopo, chageuka rangi tu. Tena ketoni ni chakula zina kalori, na zikijaa damuni mwili wapunguza kutoa mafuta yake ya akiba, manake ushaletewa chakula kingine.

Zile kilo 3 nyingi yake ni maji. Wanga tulioweka akiba kwenye ini na misuli ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu yashika maji gramu 3 hivi, ukiacha wali inaisha na maji yake unaenda chooni siku nzima.

Mama sasa. Unga mwingi wa aina hiyo umetengenezwa na chumvi, soma sodiamu nyuma ya kopo, na yeye ana presha. Na hata keto yenyewe bila unga, kama yuko kwa insulini ama vidonge vya sukari vya glibenklamaidi akakata wanga ghafla sukari yaweza kushuka akaanguka. Kama dawa yake jina laishia na "gliflozini" ndo hatari zaidi, damu yaweza kuwa asidi na mashine ya sukari isionyeshe kitu cha kutisha. Daktari wake kwanza, si mimi wala muuzaji.

ChumaBaharini
Mi napinga kidogo. Keto ilinitoa kilo 11 kwa miezi sita na ule unga ulinikata njaa kweli.

KauntaYaDawa
Sikatai keto bro. Hata njaa, Oxford walijaribu kinywaji cha esta ya ketoni, aina nyingine isiyofungwa na chumvi, njaa ikapungua kwa saa chache, ila hiyo ni esta si huu wa chumvi, na njaa kupungua asubuhi si mafuta kuisha. 2018 Stanford walifuata watu 609 mwaka mzima, nusu mafuta kidogo nusu wanga kidogo, wakapishana chini ya kilo moja. Wewe nahisi kilichokutoa ni kuacha soda na kubeba vyuma. @BintiLangoni wala nini kwa siku? Sema ukweli.

BintiLangoni
Asubuhi mayai. Mchana changu wa kupaka, tui zito la nazi mbili si ni mafuta ruhusa? Jioni pweza ama kuku. Katikati nkisikia njaa natafuna korosho tu.

ChumaBaharini
Korosho kiasi gani?

BintiLangoni
Pakiti. Ile ya robo kilo. Yaisha siku mbili.

KauntaYaDawa
Haya ndo hilo. Gramu 100 za korosho zina wanga karibu gramu 30, sawa na wali uliopikwa wa uzani huohuo, na juu yake kalori 550. Wali umeutoa mlangoni umerudi dirishani. Tui nalo halina wanga mwingi lakini nazi mbili kwa sahani moja ni mafuta mengi, mwili wachoma hayo ya kwenye chungu kabla haujafika kiunoni. Fanya nazi moja mle watu wanne, korosho uzihesabu kwa vidole, na utafute kitu kizito unyanyue, hata ndoo ya maji, usije ukapungua misuli mizani ikakudanganya tena.

BintiLangoni
Nazi moja watu wanne hiyo si kupaka, ni kuchemsha. Lakini sawa. Mama nshamwambia, amenuna, kisha kaniuliza kama kopo likiisha nimpe atie bizari manake kifuniko chake chabana vizuri.