Matembezi ya siku moja Dodoma: njia ya miguu, mlima na maji tutavipata wapi?

Mama Wawili, Iyumbu

Ndugu zangu wakazi wa Dodoma, salaam. Familia yetu imehamia hapa kutoka Tanga kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 12, wamezoea kukaa karibu na bahari na kwenye kivuli cha minazi na miembe. Mwezi wa tatu baba yangu mzazi anakuja kututembelea. Ni mtu wa miaka 68 ambaye miguu yake ingali na nguvu, na hakuna jambo linalomfurahisha kama kutembea mahali penye miti, ndege na maji.

Watoto nimekwisha kuwapeleka Nyerere Square na Chinangali. Ni mahali pazuri pa kupumzika jioni, lakini ni bustani za kukaa, na sisi tunatafuta mahali pa kutembea saa mbili au tatu kwa miguu, tuone maji, tule chakula tulichobeba, kisha turudi nyumbani kabla ya giza. Je, ndani ya jiji au karibu nalo pana mahali ambapo mlima, njia na maji vipo pamoja? Nimesikia watu wakiutaja Mlima Simba na Bwawa la Hombolo. Ningependa kujua kama mlima huo unamfaa mzee na mtoto mdogo, na kama watoto wanaweza kuchezea maji ya Hombolo. Aidha, kuna jirani aliyenishauri tusubiri kiangazi kwa sababu mwezi wa tatu ni wa mvua. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kufika huko.

Mkazi wa Ipagala

Karibu sana Dodoma, dada, na mzee wetu naye karibu. Nianze kwa kusema wazi kwamba mahali penye vitu vyote vitatu ndani ya eneo moja, kwa maana ya hifadhi yenye lango, njia zilizowekewa alama na ziwa au mto usiokauka, hapa mjini hatuna. Kwa hiyo nakushauri utenge siku mbili tofauti, moja ya mlima na nyingine ya maji, wala usijaribu kuvibana vyote katika siku moja, kwa sababu jua la Dodoma halimwachi mtu aliyechelewa.

Kuhusu jirani yako, kwa maoni yangu kiangazi ndicho kipindi kibaya kwa mahitaji yako. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki hata nusu ya zile mlizozizoea Tanga. Ukija Septemba utakuta vumbi, upepo mkali na mibuyu iliyopukutisha majani yote, isiyompa mtu kivuli hata kidogo. Mwezi wa tatu nyasi ni za kijani, mabwawa yana maji, na hata juu ya miamba mvua huacha vidimbwi katika mashimo ya jiwe, ambako ndege hushuka kunywa asubuhi. Watoto wako watafurahia vidimbwi hivyo kuliko wanavyodhani.

Mlima Simba uko upande wa kaskazini mashariki ya mji. Ni mwamba mkubwa, si mrefu, na mtu mwenye mwendo wa kawaida huupanda kwa muda usiozidi saa moja. Mtoto wa miaka 7 anaupanda bila shida akishikwa mkono. Kwa mzee, sehemu ya chini ni njia ya kawaida kati ya vichaka vya miiba, ila huku juu kuna mahali pa kukanyaga jiwe tupu lenye mteremko, na hapo pana sharti moja: kama mvua imenyesha usiku, subirini jua lilikaushe jiwe kwanza. Ule utandu mweusi na wa kijivu unaouona juu ya mwamba ukiwa mkavu hukamata soli vizuri kabisa, lakini ukilowa huteleza sana, na kushuka ndiko kunakoangusha watu zaidi kuliko kupanda. Baba avae viatu vyenye soli ya mpira yenye meno, na apewe fimbo.

Muwe mmefika chini ya mlima saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili saa nne muwe mmeshashuka. Kila mtu mzima abebe maji yasiyopungua lita 2, kwa sababu njiani hakuna maji ya kunywa. Msiende peke yenu. Piteni ofisi ya serikali ya mtaa wa pale, mjitambulishe, muombe kijana mwenyeji wa kuwaongoza, na mpatane malipo yake kabla ya kuondoka. Zipo habari za watu kuporwa simu katika milima ya pembezoni mwa mji, na kundi lenye mwenyeji husumbuliwa kwa nadra sana. Mwenyeji pia anajua nyufa zenye makundi ya nyuki, jambo ambalo wewe na mimi hatuwezi kulijua mpaka tumeshawachokoza.

Afisa Afya Mstaafu

Dada, mwenzangu amekujibu vizuri kuhusu mlima. Mimi nitajibu swali lako la maji, na nakuomba ulisome jibu hili mpaka mwisho kwa sababu linahusu afya ya watoto.

Hombolo ni pazuri. Ni umbali wa takriban kilomita 40 kutoka mjini, na kwa mtu anayependa ndege mwezi wa tatu ni wakati mwema: utaona yangeyange wakitembea ukingoni, mnandi wakianika mabawa juu ya miti iliyokufa majini, na wavuvi wakirudi na perege na kambare. Mnaweza kutembea ukingoni kwa umbali mnaoutaka, na njia ni tambarare, jambo litakalompendeza baba. Hata hivyo, watoto wasiingie majini, hata miguu tu.

Sababu ni kichocho. Mtu mwenye ugonjwa huo akikojoa majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huanguliwa, na vimelea vinavyotoka humo huingia katika konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa maelfu ya vimelea vingine, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huogelea vikitafuta ngozi ya binadamu na kupenya ndani yake kwa muda wa dakika chache. Vimelea vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi jua linapopanda hadi alasiri, yaani muda ule ule ambao watoto hutamani kuoga. Maji yanaweza kuonekana meupe na safi na yakawa navyo. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Mabwawa na madimbwi ya kanda hii yana historia ndefu ya ugonjwa huu, na usidhani kwamba wenyeji unaowaona wakioga wamekingwa nao. Wengi wao wanaumwa bila kujua. Ikitokea mtoto ametumbukia, usingoje aone damu kwenye mkojo. Mpeleke kituo cha afya, umweleze mhudumu tarehe aliyogusa maji, na umwulize siku ya kurudi kwa kipimo, kwa sababu kipimo cha mkojo kikifanywa mapema mno hakionyeshi kitu; mayai huchukua kama wiki 6 hadi 8 kuanza kuonekana. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu vizuri.

Maji ya kunawa bebeni kutoka nyumbani. Maji ya Hombolo yana chumvi, kwa hiyo hata kwa kupikia chai hayawafai. Na kabla ya kusogea ukingoni, waulizeni wavuvi mahali pa kusimama na mahali pa kuepuka, maana wao ndio wanaolijua bwawa la mwaka huu, ambalo ukingo wake hausimami pale ulipokuwa mwaka jana.

Mzee wa Misitu, Kongwa

Wanangu, nimefurahi kuona swali hili. Niongeze jambo ambalo wageni wa kanda ya kati hawaambiwi mapema.

Mito yetu mingi ni makorongo ya mchanga. Mwaka mwingi imekauka juu, huku maji yakiwa chini ya mchanga, na ndiyo maana utawaona akina mama wakichimba mashimo katikati ya mto mkavu na kuchota maji polepole kwa kibuyu au kikombe, wakisubiri yajae tena. Kwa mtoto wa shule hilo ni somo zuri kuliko ziwa. Lakini mwezi wa tatu msikae ndani ya korongo hata kama anga juu yenu ni jeupe. Mvua ikinyesha milimani, mbali nanyi, ardhi ngumu ya huku hainywi maji kwa haraka, na mafuriko hushuka yakiwa yamebeba magogo na matope kabla hamjasikia hata radi. Chakula kuleni ukingoni, penye mti. Na kama kuna mkondo unaovuka barabara, msiuvuke kwa gari wala kwa miguu. Subirini, kwa kawaida maji hupungua baada ya saa chache.

Kuhusu kukosa hifadhi ya kutembelea ndani ya jiji, hilo linaniuma. Mwanza wana Saanane, kisiwa cha mawe ndani ya Ziwa Victoria kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ambako mtu huvuka kwa boti kutoka mjini na kutembea kati ya pimbi na swala. Nairobi wana Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 wenye maporomoko ya maji na mapango, ambao mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa akizuia usigawanywe viwanja. Na hata uliponusurika, kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia humo. Hofu hiyo ilipungua pale wakazi wa jirani waliposhirikiana na idara ya misitu, wakaweka uzio, walinzi, na namba katika kila njia panda ili mgeni asipotee.

Dodoma ina milima ya mawe katikati na pembezoni mwa jiji ambayo mji mwingine ungeililia. Mpango wa mwaka 1976 wa makao makuu ulitaka vilima vile viachwe wazi, na mwaka 2017 tulianzishiwa kampeni ya Dodoma ya Kijani. Miche imepandwa barabarani, na ni jambo jema, lakini njia za miguu milimani hazijapata mtu wa kuzisimamia, na kila mwaka nyumba zinapanda miteremko zaidi. Naomba kila familia inayokwenda Mlima Simba ijiandikishe ofisi ya mtaa, si kwa ajili ya usalama tu, bali ili viongozi waone kwa daftari lao wenyewe kwamba watu wanauhitaji mlima ule.

Mama Wawili, Iyumbu

Shikamoo mzee, na nawashukuru nyote. Nimeamua Jumamosi ya kwanza tuende Mlima Simba na ya pili Hombolo, na watoto nimeshawaeleza kuhusu konokono. Yule mkubwa ameniuliza maswali mengi kuliko niliyoweza kuyajibu. Nina swali moja lililobaki: kama baba ataongeza siku, je, michoro ya miambani ya Kondoa inafaa kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja?

Mzee wa Misitu, Kongwa

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, kwa sababu barabara ya Kondoa sasa ni ya lami, lakini muondoke alfajiri. Msiende miambani moja kwa moja. Fikeni kwanza Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye ofisi ya mambo ya kale, mlipe na mpewe mwongozaji, kwa kuwa eneo hilo ni urithi wa dunia tangu mwaka 2006 na haliingiwi bila yeye. Kutoka ofisini hadi miambani kuna mwendo wa gari kwenye njia ya udongo, kisha kupanda kwa miguu. Mvua ikiwa imenyesha siku iliyotangulia, ulizeni kwanza kwa simu hali ya njia hiyo, na kama gari lenu ni la chini, panga safari hiyo mwezi wa tano. Waambieni watoto wasiguse michoro wala kuimwagia maji ili ing'ae, kwa sababu kuna watu waliowahi kufanya hivyo, na rangi iliyofifia hairudi.

Mkazi wa Ipagala

Dada, kwa siku ya Hombolo kama hamna gari, nendeni na daladala asubuhi na ulizeni palepale mnaposhuka saa ya gari la mwisho la kurudi mjini. Msitegemee bodaboda jioni mkiwa watu watano.